Maepo Machachu ya Kutoka Itumba

Mtaa wa Sogea,
Tunduma.
Tarehe 4 Juni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi juani nyuma ya nyumba, maana baridi ya Itumba mwezi huu naijua, haina huruma na mtu. Goti lako linaendeleaje? Je, kaka Rabson anakukanda kwa maji ya moto kama alivyoniahidi, au kila jioni anasingizia uchovu wa shamba? Mahindi mmeshayaingiza ndani yote? Sisi huku hatujambo, tena hatujambo kweli, na upungufu wetu ni mmoja tu, kwamba hatukuoni.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia wakati simu ipo. Mama, simu yako unaisikiliza kwa spika. Nikikupigia anasikia Rabson, wanasikia wanaochota maji bombani, na habari inafika kanisani hata sijakata. Hii ya leo nataka uipate wewe kwanza, ukiwa peke yako. Nimempa Andongwisye, yule dereva wa kosta, akukabidhi mkononi pamoja na kikapu. Kilichomo kikapuni ni chako, kula, ila soma kwanza. Na tafadhali usirukie mwisho. Nakufahamu, hata mahubiri unataka ujue yataishia wapi kabla mchungaji hajafika katikati. Nifuate taratibu, maana nikiharakisha nitayachanganya.

Unalikumbuka lile gunia la maepo ulilotutumia mvua zilipokuwa zinaishia. Ulinieleza kwamba miti yako mitatu nyuma ya zizi imezaa mwaka huu hadi matawi yamelala, lakini sokoni Itumba watu wakiyaonja wanatema, wanasema ni machachu kama ndimu. Wao wanataka yale mekundu yanayong'aa, yanayotoka Afrika Kusini na vibandiko vyake. Ukasema afadhali uyapeleke Tunduma, maana mjini hakuna kitu kinachokosa mlaji.

Mama, hata mjini yalikosa mlaji. Niliyapeleka machache pale gereji tunapoziba matairi ya malori. Mwenzangu Sadoki akauma moja, akafumba jicho, akasema tusiyatupe, yatafaa kutolea kutu kwenye nati. Watoto wa jirani waliyachezea mpira. Nikaona aibu kwa niaba yako, nikalirudisha gunia nyumbani na kulitua barazani, alipokuwa amelala Judith kwenye mkeka.

Tulikwambia mkamwana wako anasumbuliwa na vidonda vya tumbo. Hatukukueleza amefikia wapi. Ugali ukianza tu kunukia alitoka nje. Maharage, samaki, hata chai ya maziwa aliyokuwa akiipenda, vyote vilirudi. Mashavu yalikuwa yamebonyea, pete ikawa inamvuka kidoleni mpaka akaifunga kwa uzi. Siku ile niliposhusha gunia, aligeuza uso, akavuta pumzi, akauliza ni nini kinanukia vizuri hivyo. Nikampa epo moja. Akalila lote, na kokwa zake. Mimi nikasimama na ndoo mkononi, nikisubiri akimbie nje. Hakukimbia. Alinyoosha mkono, akasema, "Baba, niongeze."

Nilitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie.

Furaha ile haikudumu. Kwa kula mabichi kila siku, kifua kikaanza kumuunguza. Tena nesi wa kliniki alinionya kwamba tunda peke yake halijengi mwili. Alitaka Judith apate unga, mayai, mafuta na maziwa, la sivyo watamlaza. Nikamjibu kwamba hivyo vyote havipiti puani kwake, sembuse mdomoni. Nikarudi nyumbani na mawazo, nikakaa nalitazama lile gunia, ndipo likanijia: kama anakubali epo tu, kwa nini nisivifiche vyote hivyo ndani ya epo?

Hapo ndipo mwanao alipoingia jikoni.

Usicheke kwanza. Najua unaukumbuka ule ugali niliousonga ulipokwenda msibani kijijini Ruanda, Rabson akaumwagia kuku, nao wakauzunguka tu. Lakini nilikuwa nimeamua. Nilikata maepo vipande, nikakanda unga wa ngano kama nilivyowahi kukuona ukikanda, nikavichanganya humo na kutumbukiza madonge kwenye mafuta ya moto. Kumbe epo bichi lina maji mengi. Mafuta yaliruka hadi ukutani, nusu ya nyusi yangu ya kulia ikaungua, na andazi lenyewe likatoka jeusi nje, ndani uji. Moshi ulimleta Bibi Ketrina, yule mama mzee wa Kinamwanga tunayepakana naye ua. Alisimama mlangoni akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza mke wangu yuko wapi hata mwanaume aunguze nyumba. Nikamwonyesha Judith pale mkekani. Alimtazama kwa muda, akaacha kucheka, akafunga kanga yake vizuri na kuniambia, "Lete sufuria nyingine."

Mama, nimefundishwa! Bibi Ketrina alinielekeza kuyamenya maepo, kuyakatakata madogo na kuyapika kwanza peke yake kwa sukari kidogo na mdalasini, mpaka maji yakauke na yalainike kama jemu. Yakipoa ndipo unayafunga ndani ya donge lililoumuka, unabana kingo kwa vidole, unakaanga kwa moto wa wastani. Siku ile ya pili yalitoka ya kahawia, yamevimba, yananukia hadi barabarani. Nilipasua moja mbele ya Judith, mvuke ukatoka. Alikula kidogo kidogo kama mtu anayeonja asali mzingani, akiogopa kuumwa na nyuki. Tukasubiri. Likakaa tumboni. Bibi Ketrina alipiga kigelegele, nami nikacheza pale uani na mwiko mkononi, mtu mzima mimi.

Tangu hapo sikushikika. Asubuhi kabla ya gereji nilikuwa jikoni, nikirudi jioni nilikuwa jikoni. Nilijifunza kuchovya vipande vya epo kwenye uji mzito wa unga na mayai na kuvikaanga, kama tunavyofanya na ndizi. Nilijifunza keki ya sufuria, mama, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na ukishafunika usifunue hata roho ikikuuma. Hilo la kutofunua lilinishinda mara kadhaa, keki zikalala. Lakini moja ilipoumuka sawasawa, nikaigeuza kwenye sinia na vipande vya maepo vimejipanga juu vinang'aa, niliita majirani waje waione kama gari jipya. Mayai nilikuwa nayazidisha kwa makusudi, na maziwa, na siagi. Judith alidhani anakula epo. Alikuwa anakula kila alichoagiza nesi.

Watu wakaanza kusema. Mtaani walisema nimelishwa dawa. Pale gereji nilipeleka yaliyobaki, na madereva wa Kizambia wakayapenda wakaniita fundi wa ifitumbuwa, ndivyo wao wanavyoyaita maandazi. Nikawaambia kwetu vitumbua ni vya mchele, tukabishana hadi mafuta ya mwisho yakaisha vidoleni. Wengine wakaanza kuagiza. Nikakataa kuwauzia, nao wakanishangaa, mtu ana mali mkononi na hataki biashara, tena hapa Tunduma! Sikuweza kuwaeleza kwamba kila epo lilikuwa na mwenyewe.

Aliyekuja kwa hasira ni shemeji yangu Gasper, kaka yake Judith. Alifika Jumapili baada ya ibada, amevaa suti, akanikuta nimefunga kanga ya dada yake kiunoni na unga hadi masikioni. Alisema ukoo wao haukumtoa binti yao ili amgeuze mume kuwa mpishi, na kwamba watu wanamcheka sokoni. Nilimwambia, "Shemeji, kaa kwanza, lipo andazi la moto." Akakaa kwa adabu tu. Alipomaliza la kwanza akanyoosha mkono. Wakati huo Judith alitoka ndani polepole, amejitanda shuka, akaketi karibu yake na kuchukua la kwake. Gasper hakuwa amemwona dada yake akila tangu Krismasi. Alimtazama anavyotafuna, anavyomeza, anavyolamba mdalasini kidoleni. Akavua koti, akalitundika msumarini, akaniuliza makaa yako wapi anisaidie kupuliza. Hakurudia tena habari ya ukoo.

Halafu maepo yakaisha. Niliona chini ya gunia na moyo ukanishuka. Nilikimbilia sokoni nikanunua yale mekundu, nikayapika vilevile, na Judith hakumaliza hata kipande. Alisema ni matamu mno, yanamchefua. Siku hiyo na iliyofuata alirudia maji matupu. Ndipo nilipokupigia na kukuuliza kama mitini yamebaki. Wewe ulifurahi, ukadhani biashara ya mwanao imeshika, ukawatangazia hapohapo waliokuwa karibu kwamba maepo yako sasa yanagombaniwa mpakani. Sikukusahihisha. Baadaye Rabson ndiye aliyeninong'oneza kwamba yale ya mwisho ulikuwa umeyatenga kwa sadaka ya mavuno, ukayatuma kwangu, na kanisani ukapeleka jogoo wako. Na kwamba ya juu uliyaangua mwenyewe kwa upembo, na goti lako hilo.

Mama, nililia. Lakini sikuweza kukwambia kwa nini.

Na ulipopiga baada ya wiki chache, ukasema unataka kuja kutusalimu na kumwona mkamwana wako na tumbo lake, nikakujibu usije kwanza, tunapaka rangi nyumba. Kisha ukauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwako, kama umemkosea nini Judith. Nikasema hapana. Ukakata simu. Tangu siku ile hujanipigia, nami kila nikiwasha moto nilikuwa nasikia swali lako. Rangi yenyewe, mama, hata kopo sijanunua.

Sasa kaa vizuri, kama ulikuwa umesimama.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nimeweka keki jikoni, makaa ndiyo kwanza yameshika juu ya mfuniko. Nikasikia Judith ananiita kutoka chumbani. Sauti haikuwa ya maumivu, ilikuwa ya mtu anayetoa taarifa. Aliniambia, "Anyitike, acha hiyo keki. Ni leo." Nilimwachia Bibi Ketrina moto, Gasper akaja na bajaji ya rafiki yake, tukafika hospitali jua limepanda. Nilikaa kwenye benchi la nje nikiwa bado na unga mikononi. Walipita watu, sikumwona hata mmoja. Nilisali sala moja ile ile, fupi, sikuweza kupata maneno mengine. Halafu nikasikia mtoto analia. Wapo watoto wengi wanaolia pale, mama, lakini kwa huyu nilisimama kabla sijaitwa. Nesi akafungua mlango, akaniita baba.

Mama, una mjukuu. Ni wa kike. Ni mzima, mama yake ni mzima. Ana nywele nyingi, na anapolia anafumba jicho moja kama mtu aliyeuma epo lako. Mkunga alipompima alimtazama Judith jinsi alivyo mwembamba, akamtazama mtoto jinsi alivyojaa, akauliza huyu amelishwa nini. Judith akacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akamjibu, "Maepo ya mama mkwe."

Havikuwa vidonda vya tumbo. Ilikuwa mimba, na ilikuwa na miezi saba ulipotuma lile gunia.

Najua sasa furaha na uchungu vinagombana ndani yako, na ni haki yako. Acha nikueleze, na unisikilize kama ulivyonisikiliza nilipokuwa mdogo. Mara mbili tulizopoteza mimba, unakumbuka ilivyokuwa. Ulifurahi, ukasimama kanisani ukatoa shukrani, kina mama wakaja na vitenge na kanga. Na mara mbili hao hao wakarudi kutupa pole. Hakuna aliyekosea. Furaha yako haikuwa kosa, wala sitaki uidhani hivyo hata siku moja. Lakini Judith aliniambia kwamba kufiwa alikuweza. Kilichomshinda ni kuliona tena lile furushi la vitenge kabatini, na kuona macho yako wewe ukijaribu kuficha machozi ili yeye asilie. Alisema safari hii asingeweza kubeba mimba na matumaini yako kwa pamoja, kwa sababu anakupenda, na matumaini ya mtu umpendaye ni mzigo mzito kuliko mimba yenyewe. Akaniomba asijue mtu mpaka tusikie sauti ya mtoto. Nilikubali. Bibi Ketrina hatukumwambia, aliona kwa macho yake siku ile ya moshi, akafunga mdomo. Gasper naye aliligundua dada yake alipotoka na lile shuka. Kwa hiyo wapo waliojua kabla yako, na hilo ndilo linaloniuma, wala silifichi.

Lakini fikiri na hili. Sisi tulidhani tunakuweka mbali, kumbe katika wote wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko sisi. Nilipokuwa nafukuza moshi, wewe ulikuwa unamlisha mjukuu wako. Ulipopeleka jogoo kanisani badala ya maepo, ulimpa yeye. Madaktari walisema zile wiki za mwisho ndizo zilizomjenga, na wiki hizo hakupitisha kitu mdomoni ambacho hakikufichwa ndani ya epo la nyuma ya zizi lako. Judith amenituma nikwambie hivi, kwa maneno yake: hukumkosea kitu. Anaomba uje yeye akuombe radhi, na kama goti haliruhusu, akimaliza arobaini atakuja mwenyewe Itumba na mtoto mgongoni.

Bibi Ketrina aliishusha ile keki kwa wakati, haikuungua. Ndiyo iliyomo kikapuni, pamoja na maandazi niliyokaanga leo asubuhi na maepo ya mwisho kabisa. Gawia uwapendao, na sasa watangazie wote, mama. Simama kanisani. Paza sauti. Safari hii hakuna atakayerudi na pole.

Nimeongea na Andongwisye. Keshokutwa anateremka Tunduma, na kiti cha mbele amekushikia, ukinyoosha mguu hautagusa kitu. Rabson akubebee mzigo hadi stendi. Ndugu wa Judith kutoka Momba wameshafika, wamejaa sebuleni wanakunywa chai, wanalalamika. Tumewaambia wasubiri. Mbali na mkunga na sisi wawili, hakuna aliyempakata mtoto bado. Gasper amejaribu mara kadhaa, Judith akamrudisha mlangoni. Wa kwanza ni wewe. Na jina hatujampa. Wanaukoo wanapendekeza, nesi naye alipendekeza la kwake, sisi tunawajibu kwamba mwenye kulitoa yuko njiani.

Msalimie sana kaka Rabson na wanawe, mchungaji na kina mama wote wa kwaya, na majirani wa bombani. Judith anakusalimu, amelala sasa, mkono mmoja juu ya mtoto. Bibi Ketrina anasema anatamani kumwona mama aliyezaa mwanaume anayepika. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mwanao,
Anyitike,
baba wa binti anayekusubiri umwite.